Anayesubiri neno "andika"

Kwa mtazamaji aliyefunzwa SOFIT, mbinu ya kupima watoto wanavyojishughulisha katika kipindi cha michezo, kipindi hicho hakianzi kengele ikilia. Kinaanza pale zaidi ya nusu ya wanafunzi wanapokuwa wamefika uwanjani.

Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 1991 na Thomas McKenzie na wenzake wa San Diego, Marekani. Vifaa vyake ni fomu, penseli na sauti iliyorekodiwa, inayomwambia mtazamaji sikioni "tazama", na sekunde kumi baadaye, "andika".

Amekwisha kuchagua watoto wanne bila upendeleo, na wenyewe hawajui. Anamfuata mmoja kwa dakika nne, anahamia wa pili, wa tatu, wa nne, kisha anarudi kwa wa kwanza.

"Andika." Msichana yuko kwenye foleni ya kurusha mpira. Punde tu alikuwa anarukaruka, sasa amesimama. Mtazamaji anazungushia 3. Ufundi wote uko hapo. Asiyezoea angempa alama ya kuruka, kwa kuwa bado anamwona hewani. Aliyefunzwa huandika kilichokuwapo sauti iliposikika, basi. 1 ni kulala, 2 kukaa, 3 kusimama, 4 kutembea, na 5 ni chochote kinachotumia nguvu zaidi kuliko mwendo wa kawaida. Akimkuta mtoto katikati ya kuinuka, huandika namba ya juu. Na aliyelala chali akishindana mieleka hapewi 1. Hupewa 5, maana mwili wake uko kazini.

Pembeni ya namba huweka herufi ya kinachoendelea kipindini: kupanga makundi, kueleza kanuni, kufanya mazoezi, kucheza mechi. Fomu ikijaa 3 mstari kwa mstari huku makundi yakipangwa, hakuna awezaye tena kusema kwamba watoto ni wavivu.

Siku nyingine huketi watazamaji wawili, wakisikiliza sauti ileile, kila mmoja na fomu yake, bila kuchunguliana. Baadaye hulinganisha alama moja baada ya nyingine. Wasipopatana vya kutosha, hurudi kwenye video za mafunzo. Uvumilivu huo nauheshimu sana: kukubali jicho lako likaguliwe na jicho la mwenzako.

Walimu wakuu, dakika 40 za ratiba msizihesabu kuwa dakika 40 za mazoezi mpaka mtu wa namna hii aketi kando ya uwanja wenu.