Malakiti ya Katanga: mng'ao huamuliwa na msumeno

Kwenye meza za wauza sanaa wa Lubumbashi, mayai, tembo, visanduku na mbao za sataranji za malakiti hupangwa pamoja. Vyote ni vya kijani, vyote vimesuguliwa, lakini havilingani. Kimoja kina mistari inayozunguka kwa mpangilio na uso uliotulia kabisa. Kingine, chenye bei karibu ile ile, kina madoa yasiyo na mwelekeo, na ukikiinamisha kwenye mwanga unaona uso wake una mawimbi. Wanunuzi wengi hudhani fundi wa kwanza alisugua kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingi tofauti ilikwisha kuingia kabla msasa wa kwanza haujaguswa: wakati wa kuchagua jiwe, na wakati wa kuamua msumeno upite upande gani.

Sababu iko kwenye namna jiwe lenyewe linavyozaliwa. Shaba ya Katanga ilianza kama madini ya sulfidi ndani ya miamba ya dolomiti. Maji ya mvua yenye oksijeni yalipoteremka, yaliyaozesha madini hayo, yakabeba shaba, kisha yakakutana na kaboneti ya dolomiti. Shaba ikaganda upya ndani ya mianya kama malakiti, utando juu ya utando. Kila utando ni nyuzi nyembamba zilizosimama wima kutoka ukutani. Pale chembe zilipokua kubwa, kijani ni kizito. Pale zilipobaki ndogo sana, kijani ni chepesi. Kwa hiyo mistari ya malakiti si rangi iliyopakwa juu. Ni kumbukumbu ya mabadiliko ya maji, na inapita ndani ya jiwe zima.

Kazi hiyo ya maji hufanyika karibu na uso wa ardhi, ndiyo maana migodi ya zamani ni mahali pa kwanza pa kutafuta. Kuta za juu za mashimo na vifusi vya wakati wa kwanza hutoka katika ukanda huo uliooza. Mgodi wa Étoile, Kalukuluku kwa wenyeji, uko pembezoni mwa mji wa Lubumbashi wenyewe. Madini yake ndiyo yaliyolisha tanuru la kampuni ya Union Minière lililotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Lakini kabla ya kampuni kulikuwa na wala-shaba, wahunzi waliochagua malakiti kwa mkono na kuiyeyusha kwa makaa katika matanuru ya udongo. Walijua wanachofanya: ukiipasha moto, malakiti hupoteza maji na hewa ya kaboni, hubaki oksidi nyeusi, na makaa huiondolea oksijeni hadi shaba itiririke. Misalaba waliyoimimina ilitumika kama fedha, na mitatu kati yake iliingia kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Fundi wa leo hutazama rundo lile lile kwa swali tofauti. Myeyushaji huuliza jiwe lina shaba kiasi gani. Mchongaji huuliza kama limeshikana. Jaribio la kwanza ni uzito mkononi: malakiti safi ina uzito wa takriban mara nne ya maji, dolomiti haifiki mara tatu. Jiwe kubwa lenye uzito mdogo lina matundu ndani, au limechanganyika na krizokola, ambayo huelekea kwenye ubuluu na mara nyingi ni laini zaidi. Jaribio la pili ni kulilowesha. Maji huonyesha mistari jinsi itakavyoonekana baada ya kung'arishwa, na jiwe likianza kukauka, nyufa hubaki na unyevu zikajitangaza kwa mistari myeusi. Jaribio la tatu ni kugonga: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti bubu. Weusi wa heterojeniti, madini ya kobalti, hupendeza ukiwa mstari mwembamba. Ukiwa donge huleta shida, maana huchimbika haraka kuliko kijani kinachouzunguka.

Hapa biashara huingilia ufundi. Malakiti safi ina asilimia 57 hivi ya shaba, yaani zaidi ya nusu kilo katika kila kilo. Kwenye depo za madini, mchimbaji hulipwa kwa uzito na teneri, yaani kiwango cha shaba ndani ya jiwe, inayosomwa na mashine ya Metorex. Mashine haisomi mistari. Jiwe zuri kuliko yote kwa mchongaji linaingia gunia moja na jiwe lililopasuka lenye teneri sawa, na yote mawili yanasagwa. Mchongaji asiyefika kwenye rundo mapema hununua mabaki, na hakuna msasa wa kurekebisha hilo.

Baada ya kuchagua ni kukata. Msumeno wa almasi ukipita kukatisha tabaka, hutoa mistari sambamba. Ukikata kilele cha donge la mviringo, sambamba na tabaka, hutoa macho: duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa kitako. Sehemu zilizoning'inia kama nguzo hutoa pete zikikatwa kwa mapana na mistari mirefu zikikatwa kwa urefu. Ukikata mshazari bila kufikiri, unapata yale madoa yasiyo na mwelekeo. Kanuni hii haihusu malakiti peke yake. Feldspa yenye mimeto ya buluu inayotoka Madagascar hutoa rangi yake kutokana na tabaka nyembamba mno za ndani, na mwanga hurudi kwa pembe moja tu; akikosea pembe hiyo, mkataji hubaki na jiwe la kijivu. Tofauti ni kwamba feldspa ina ugumu wa karibu 6 na huvumilia mkono mzito. Malakiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4, kisu huikwaruza.

Ulaini huo ndio unaowadanganya wanagenzi. Jiwe huliwa upesi, nao hufurahia kasi. Msasa mkali huacha mikwaruzo mirefu ambayo hatua zinazofuata hazitaifikia, kwa hiyo afadhali kuanza na namba 220, kisha 400, 600, 1200, na zaidi ikipatikana. Kila hatua ina kazi moja: kufuta alama za hatua iliyotangulia. Fundi makini hugeuza mwelekeo wa kusugua kila anapobadili msasa, akakausha jiwe, akaliangalia kwa mwanga wa pembeni. Mkwaruzo unaokatisha mingine ni deni la zamani. Lazima arudi nyuma.

Maji hayakosekani hata mara moja. Joto hupasua jiwe, na likizidi hulifanya jeusi, kama wala-shaba walivyojua. Kwa hatua ya mwisho, ngozi yenye unyevu na oksidi ya kromu au ya bati hutosha, mwendo ukiwa wa polepole. Fundi akikandamiza, tabaka laini huliwa kuliko ngumu, na ndipo yale mawimbi yanapotokea. Wengine huyafunika kwa vanishi. Vanishi hung'aa siku ya kuuza, kisha hunasa mikwaruzo na kubanduka.

Vipande vidogo navyo vina njia yake. Mafundi wa Urusi katika karne ya 19 walikata malakiti ya Ural kuwa vibao vyembamba, wakavibandika juu ya jiwe au chuma huku wakilinganisha mistari, hata nguzo nzima ikaonekana imetoka jiwe moja. Visanduku vingi vya Katanga hutengenezwa kwa mantiki hiyo. Ukitaka kumjua fundi, angalia maungio: kama mstari unaendelea kutoka kibao hadi kibao, alipanga kabla ya kubandika.

Gharama moja hulipwa na mwili wa fundi. Vumbi la kijani lina shaba na huumiza mapafu. Kukata kukavu, hata kwa dakika chache, ni hatari, na tope linalobaki halifai kumwagwa bustanini. Mnunuzi naye ajue kwamba ndimu na siki huyeyusha uso wa jiwe hili.

Kwa hiyo juhudi za kuinua kazi hii Lubumbashi zisianze na mashine bora za kung'arisha. Zianze na mchongaji kufika kwenye rundo kabla ya gunia kufungwa, akiwa na ndoo ya maji, na bei inayomzidi mnunuzi wa depo kwa mawe machache anayoyataka. Teneri hulipa shaba peke yake. Mistari inahitaji mtu wa kuilipia mapema, kabla msumeno haujawashwa.