Wapiga Hodi wa Uchaguzi

Sanduku la kura halina polisi wake wala darasa lake. Ndiyo maana katika eneobunge la Mvita, Mombasa, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, maafisa wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, hushinda wakipiga hodi: shule zitoe madarasa, polisi walinde vifaa. Ibara ya 249 ya Katiba ya 2010 inasema tume haiamrishwi na yeyote. Lakini bila ofisi hizo za serikali, kura haipigwi. Kuomba bila kujikomba. Hapo ndipo penye ufundi.

Agosti 2022 ufundi huo ulitiwa kwenye mizani. Kura ya ugavana wa Mombasa, iliyopangwa tarehe 9, iliahirishwa kwa kuwa karatasi zilichapishwa na picha na maelezo yaliyokosewa. Ikasogezwa hadi 23, kisha 29. Lawama zilistahili, tena sana. Ila hebu fikiria kurudi kwenye milango ile ile: ulinzi upya, vyumba upya, makarani upya. Tarehe 29 watu walipanga foleni, na Abdulswamad Shariff Nassir akachaguliwa kuwa gavana.

Mlango wa fedha ni mgumu zaidi. Sheria ya Kufadhili Kampeni ipo tangu 2013. Bunge liliisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017, na 2021 likakataa kanuni zake. Kumwomba mbunge apunguze pesa za kampeni yake mwenyewe si mchezo. Tume ilijaribu hata hivyo, kwa maandishi: ilitangaza viwango vya matumizi katika Gazeti Rasmi la serikali, mwaka mzima kabla ya kura ya 2022.