Panya wa maabara na zebaki ya Buhemba

Zebaki ikitajwa kwenye habari za wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Mara, iwe Buhemba kule Butiama au upande wa Bunda na Musoma, hakosekani mtu wa kusema: "Inamaliza uzazi wa wanaume, utafiti wa panya umeonyesha ukuta wa korodani unavuja." Kwamba zebaki ni sumu, hilo halina ubishi. Swali langu ni dogo tu: huyo panya ametuambia nini hasa?

Tuanze na huo "ukuta". Mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti waliowadunga wanyama rangi waliona viungo vingi vinakolea, lakini ubongo na sehemu ya ndani ya vijirija vya korodani haikushika rangi. Baadaye, mwaka 1970, Martin Dym na Don Fawcett walionyesha kwa panya kwamba kizuizi kikuu kipo kwenye viungio vilivyobana kati ya seli za Sertoli. Kazi yake mojawapo ni kuzificha mbegu changa zisionwe na kinga ya mwili. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, hivyo kinga inaweza kuzidhania ni wageni.

Kasoro ya kwanza iko kwenye neno lenyewe. Ukuta husimama tu, lakini hiki kizuizi kinajengwa na kubomolewa kila mara ili seli changa zipite kwenda ndani. Fikiria zizi lenye malango mawili: la nyuma linafungwa kwanza, ndipo la mbele linafunguliwa. Kwa hiyo, kuona kiungio kimefunguka hakutoshi kusema pana uharibifu.

Kasoro ya pili ni kipimo. Ripoti nyingi zinaonyesha slaidi yenye seli zilizoachana, halafu zinahitimisha kwamba kizuizi kinavuja. Ngoja kwanza! Seli zinaweza kuachana hata kwa sababu ya namna kipande kilivyokaushwa na kuhifadhiwa. Ukitaka kujua kama kitu kinapita, ingiza kifuatiliaji, kwa mfano bayotini, kisha uangalie kimeishia wapi. Bila hivyo, tunachokijua ni umbo la seli tu.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mfano maarufu wa kizuizi hiki kuvunjwa na metali ni wa kadimiamu, wala si zebaki. Mwaka 1970 Setchell na Waites waliwadunga panya kadimiamu, na mishipa midogo ya damu ya korodani pamoja na kizuizi vikaanza kupitisha vitu. Lakini zipo koo za panya wadogo wa maabara ambazo korodani zao huhimili kadimiamu, na nyingine huharibika vibaya. Sasa, kama panya kwa panya hawafanani, tunarukaje hadi kwa mchenjuaji wa Buhemba? Tena panya alidungwa sindano; mchenjuaji anavuta mvuke kidogo kidogo, miaka na miaka.

Mtu atauliza: si bora watu waogope tu, wajikinge? Hapana. Mwanamume aliyechoma dhahabu kwa miaka kumi na ana watoto watano atalicheka onyo hilo, na pamoja nalo atatupa yale yaliyothibitishwa. Mvuke wa zebaki hupita mapafuni ukaingia kwenye damu, ukafika ubongoni, ukadhuru neva na figo. Kwa mjamzito, hupenya kondo la nyuma ukamfikia mtoto. Ukilifanya jambo hili kuwa la korodani peke yake, umewafuta wanawake wanaoshika zebaki kwa mikono na watoto wanaokaa karibu na moto.

Kwa hiyo, wenzangu tunaofanya tafiti za panya, tuandike wazi kipimo, njia ya kuingiza sumu, umri na ukoo wa panya, na muda tuliosubiri. Mzunguko kamili wa kutengeneza mbegu kwa panya mkubwa wa maabara ni kama siku 52, na kwa binadamu ni zaidi ya miezi miwili. Matokeo ya wiki moja hayasemi lolote kuhusu uzazi wa kudumu. Na kwa mchimbaji, ushauri hauhitaji kusubiri panya yeyote: usichomee zebaki wazi wala jikoni, tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na watoto wakae mbali.