Kizibo na Kizibuo

Kuna neno la Kiingereza ambalo hata Waingereza wengi hawalijui: spile. Ni kijiti kidogo kilichochongwa ncha ili kuziba tundu la pipa la bia. Nililikuta miaka mingi iliyopita katika makala niliyopewa niwatafsirie wanafunzi. Nilikuwa maktabani Kibaha. Kamusi niliyokuwa nayo ikanipa jibu fupi: kizibo. Nikaandika kizibo, nikaikabidhi kazi, moyo wangu umetulia.

Lakini makala yenyewe haikuhusu bia. Ilihusu watu wa Kanada na kaskazini ya Marekani wagemao miti iitwayo mepo. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku unapogandisha na mchana unapoyeyusha, hutoboa shina, wakapachika spile, na utomvu ukadondokea ndooni. Huchemsha lita 40 hivi za utomvu ili kupata lita 1 ya maji matamu, mazito kama asali.

Baada ya wiki chache nilikwenda Kisarawe kumsalimu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mgema wa minazi. Nikamsomea tafsiri yangu, kwa majivuno kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hao watu wametoboa mti, halafu wameuziba. Sasa maji yatatokaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Akanionyesha gunzi la muhindi kwenye mdomo wa kibuyu chake: hicho ndicho kizibo. Kisha akashika kotama. Akanieleza kuwa karara la mnazi likikatwa ncha hutoa tembo, lakini kidonda chake hukauka, kikajiziba. Ndiyo maana mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata upya kipande chembamba. "Sisi tunazibua," akasema. "Na kijiti cha hao watu wako ni mrija."

Basi, msomaji, hapa ndipo penye somo. Neno spile lilitoka kwa majirani wa Waingereza ng'ambo ya bahari, na asili yake ni kijiti tu. Limetaja umbo la kitu, si kazi yake. Kwa hiyo kijiti kinachozuia bia na kijiti kinachotoa utomvu vyote vinaitwa hivyo hivyo. Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi huanza na kitendo: kwa kuziba tukapata kizibo, kwa kuzibua tukapata kizibuo, kama tunavyofunga na kufungua, tunavyotega na kutegua. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kukitaja kitu hicho kabla ya kuamua kinafanya nini.

Wapo wasemao kuwa lugha yetu ni maskini wa maneno. Nathubutu kusema kuwa siku ile umaskini haukuwa wa lugha, ulikuwa wangu. Sikuuliza kijiti kinafanya kazi gani. Nailaumu pia kamusi inayoweka neno dhidi ya neno bila mfano hata mmoja, kana kwamba pipa na mti ni kitu kimoja. Na sisi wasemaji hatukosi lawama: kizibuo kimo kamusini, lakini ukikaa baa leo ukaomba kizibuo, mhudumu atakutazama, omba opena, utaletewa mara moja. Neno lisilotumika nalo hujiziba, kama kidonda cha mnazi ulioachwa bila kugemwa.

Tafsiri yangu ilikwisha kwenda, na haikurekebishwa. Wapo watu wazima leo ambao, walipokuwa wanafunzi, walisoma kwangu kwamba huko Kanada watu hutoboa miti, wakaiziba, kisha wakangoja ndoo ijae. Nawaomba radhi. Kizibo kile kilikuwa mrija.