Hadithi ya Mtu Aliyeruka Peke Yake

Mwalimu anaweza kustaafu kazi, lakini kalamu nyekundu haistaafu. Hata leo, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, siwezi kusoma tangazo lililobandikwa ukutani sokoni bila kutafuta mahali pa kuweka alama. Kwa hiyo ndugu msomaji asishangae nikisema kwamba katika ukurasa huu nataka kusahihisha insha ya mtu mkubwa, aliyekuwa akiongoza kampuni iliyotengeneza simu tulizozizoea sote hapa Mpanda.

Insha yenyewe ni waraka ulioandikwa mwezi Februari 2011 na Stephen Elop, mtendaji mkuu wa kampuni ya Nokia ya Ufini. Aliwaandikia wafanyakazi wake, lakini waraka ukavuja na kuchapishwa duniani kote. Mjukuu wangu anayesoma chuo Dodoma ndiye aliyeniletea nakala alipokuja likizo. Alisema huko kwao unasomwa kama mfano wa uongozi wa kijasiri. Niliusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliusifu, mara ya pili nilitilia shaka, na mara ya tatu niliona aibu. Aibu hiyo nitaieleza kwa mpangilio wake.

Mwandishi anaanza na hadithi. Mtu mmoja anafanya kazi juu ya jukwaa la kuchimbia mafuta katikati ya Bahari ya Kaskazini. Usiku anaamshwa na mlipuko, na jukwaa lote linawaka moto. Anapenya katika moshi mpaka ukingoni, anatazama chini, anaona maji meusi yenye baridi ya kuua. Akibaki atateketea, na akiruka huenda akafa. Anaruka, anaokolewa, na tangu hapo tabia yake inabadilika. Kisha Elop anawaambia wafanyakazi wake kwamba nao wamesimama juu ya jukwaa kama hilo, na kwamba wao wenyewe wamelimwagia mafuta ya petroli.

Kama insha, mwanzo huo ni mzuri. Tunawafundisha wanachuo wa ualimu kwamba somo lianze na kisa kitakachomshika mwanafunzi. Na tumtendee haki mwandishi: moto ulikuwapo kweli. Simu janja za Nokia ziliendeshwa na Symbian, mfumo uliotokana na kazi ya miaka ya tisini, wakati kumbukumbu ya kifaa ilikuwa ndogo na kila tone la chaji lilihesabiwa. Mwaka 2007 Apple wakatoa iPhone, na mwaka 2008 zikaja simu za kwanza za Android. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya vitufe ukalazimishwa kutii kidole kinachopangusa kioo, na waandishi wa programu wakaukimbia kwa ugumu wake.

Kwa msomaji asiyejua mfumo endeshi ni kitu gani, nitatumia mfano wa shuleni. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua hesabu, anajua mfumo wa damu, anajua vyanzo vya mto Katuma. Siku anapoingia kidato cha kwanza anaambiwa kwamba sasa yote ni kwa Kiingereza. Akili yake ni ileile na daftari ni lilelile, lakini aliyekuwa hodari anageuka bubu kwa asubuhi moja. Mfumo endeshi ni kama lugha ya kufundishia. Ukiubadilisha, kila programu iliyoandikwa kwa lugha ya zamani inanyamaza, hata kama simu yenyewe haina kosa. Kubadili mfumo kwaweza kuwa lazima. Lakini si jambo la kumfanyia mtu bila kumtazama usoni.

Sasa nije kwenye makosa.

Kosa la kwanza ni kwamba juu ya jukwaa la Elop kuna mtu mmoja tu. Mfano huu una asili yake katika ajali ya kweli, ya jukwaa la Piper Alpha lililolipuka tarehe 6 Julai 1988 karibu na Scotland. Aliyesimulia kuruka kwake aliokoka, lakini usiku ule walikufa watu 167. Hadithi ya mtu aliyeruka haina maana kamili bila hao 167, maana wako waliobaki wakingoja kuambiwa la kufanya. Katika waraka wamefutwa wote. Na juu ya jukwaa la Nokia walikuwapo nani? Walikuwapo wafanyakazi, wenye maduka, waandishi wa programu, na mamilioni ya watu walionunua simu hizo kwa jasho lao, wakiwamo wa huku kwetu.

Maana Nokia ilikuwa simu yetu. Aina ya 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na tochi, na vitufe vyake vilikingwa vumbi. Dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Mtu wa Makanyagio au Kawajense aliyetembea usiku wakati umeme wa jenereta umekatika hakuhitaji kuelezwa faida ya tochi ile. Kwa simu za namna hiyo tuliulizia bei ya mpunga, tukatangaza misiba, na kuanzia mwaka 2008 tukatumiana fedha kwa M-Pesa bila kumsubiri msafiri wa treni. Kweli, simu hizo ndogo hazikuwa za Symbian. Lakini mtu aliyeanza na tochi ndiye aliyepanda akanunua simu janja ya jina lilelile, kwa imani ileile.

Kosa la pili ni la wakati. Tarehe 11 Februari 2011, siku chache tu baada ya waraka kuvuja, Elop alisimama London akatangaza kwamba simu janja za Nokia zitahamia mfumo wa Windows Phone wa Microsoft, kampuni aliyotoka yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Katika tangazo hilohilo kampuni ilisema inatarajia kuuza simu nyingine milioni 150 za Symbian kabla ya kuuacha. Fikiri, msomaji: mama lishe asimame mlangoni aseme wali wa leo umechacha, kisha ashangae masufuria yakibaki yamejaa. Simu za kwanza za mfumo mpya, Lumia, zilitangazwa Oktoba. Kwa miezi minane kampuni ilikuwa inauza kitu ilichokwisha kukilaani, na haikuwa na kingine mkononi. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Robo ya mwisho ya mwaka 2010 Nokia iliuza simu janja zipatazo milioni 28. Katika robo ya pili ya mwaka 2012 ziliuzwa kama milioni 10 tu.

Kosa la tatu ni kwamba baharini hakukuwa na mashua imara. Juni 2012 Microsoft walitangaza Windows Phone 8, na walionunua Lumia za mwanzo wakaambiwa simu zao haziwezi kuipokea. Waliotii na kuruka wakatakiwa kuruka tena. Septemba 2013 Microsoft wakakubali kuinunua biashara ya simu ya Nokia, pamoja na leseni ya kutumia hataza zake, kwa euro bilioni 5.44, na mwaka 2015 wakafuta katika vitabu vyao dola bilioni 7.6 za hasara. Jina la Nokia lilirudi kwenye simu janja mwaka 2017 kupitia kampuni nyingine ya Ufini, safari hii kwa Android.

Wako wanaosema kosa lilikuwa kutochagua Android tangu mwanzo. Mimi siwafuati moja kwa moja. Samsung walistawi kwa Android, lakini LG nao walikuwa na Android, na mwaka 2021 waliacha kutengeneza simu kabisa. Kuchagua mashua ni bahati na akili. Kuwahesabu abiria ni wajibu, na wajibu hauhitaji bahati.

Tena moto wa kwetu haukutokea upande alioukazia macho zaidi. Waraka unazitaja simu za Kichina za bei nafuu, lakini hofu kubwa ni ya Apple na Google. Hapa Mpanda nani alikuwa na iPhone? Kilichotuhamisha ni laini mbili. Mtandao uliokamata mjini haukukamata Mishamo, na kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, hivyo kila mtu alikuwa na laini mbili na simu moja, akichomoa na kuchomeka mpaka kifuniko kikalegea. Tecno na itel walituletea nafasi mbili ndani ya simu moja, na Nokia wakafuata kwa kuchelewa. Mwenye jukwaa alikuwa akitazama moshi wa kaskazini, na huku nyuma abiria wakishuka kimyakimya kwa ngazi.

Mfano wa kwetu wa kuhama ninaoupenda ni wa reli. Tawi la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, lakini reli haikung'olewa. Watu wakapakia mahindi, mpunga na asali, wakasafirisha watoto kwenda shule, na mji ukaishi kwa njia iliyojengwa kwa sababu nyingine. Mambo ya zamani yana watu ndani yake hata baada ya sababu yake kuisha.

Hadi hapa nimesahihisha kama mwalimu. Sasa naomba nisahihishwe.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa mabaya, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikaita mkutano wa wazazi. Mbele yao, na mbele ya walimu wangu, nikasema kwamba shule imeoza, kwamba walimu wa UPE waliosomea ualimu huku wakifundisha hawafai, na kwamba mwaka mpya utakuja na walimu wapya na utaratibu mpya. Wazazi walinipigia makofi. Kisha wakaanza kuwahamisha watoto. Walimu wapya nilioahidi hawakufika mpaka katikati ya mwaka uliofuata, na muda wote huo walimu wale niliowatukana ndio walioingia madarasani kila asubuhi, mbele ya watoto waliokwisha kusikia nyumbani kwamba mwalimu wao hafai.

Mmoja wao alifundisha darasa la kwanza. Wanangu wawili walijua kusoma kwa mikono yake. Baada ya mkutano ule hakunyoosha tena mkono katika kikao cha walimu. Alifundisha, akafunga mlango, akaenda nyumbani. Nilikuwa na haki kuhusu matokeo, kama Elop alivyokuwa na haki kuhusu Symbian. Lakini juu ya jukwaa langu nilimwona mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilistaafu mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilikuwa mkoa na kuachana na Rukwa. Walimu wa shule zote nilizopita walichanga wakaninunulia simu janja ya vitufe, ya mfumo wa Symbian. Hakuna aliyejua kwamba mfumo huo ulikwisha kuhukumiwa huko London mwaka mmoja kabla. Aliyesimama kunikabidhi alikuwa mwalimu yule wa darasa la kwanza. Baadaye niliambiwa kwamba ndiye aliyezunguka kukusanya michango. Nilishukuru kwa maneno mengi, na neno lililopasa kusemwa sikulisema. Alifariki mwaka 2016.

Mjukuu wangu aliponiuliza nimeuonaje waraka, nilikaa kimya. Siku ya tatu nikamwomba anisindikize kwa mjane wa mwalimu yule. Nilimweleza nililolisema mwaka 1996 na kwamba nimekuja kuomba radhi, ingawa mwenyewe hayupo. Aliniambia mumewe hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, ila baada ya mkutano ule aliacha kuvaa tai kwenda shuleni. Mimi nilimwona kila siku kazini kwa miaka, na sikuwahi kugundua kwamba tai haipo.

Kisha akaniuliza kama ile simu ingali nzima. Nikamwambia nikiichaji inawaka, ila programu nyingi zimenyamaza. Akasema inatosha, maadamu inawaka.