Rangi ya Bibo

Jina la mtaa wetu ni jina la tunda, lakini siku hizi unaweza kukaa Mabibo mwaka mzima bila kula bibo hata moja. Ndizi tunazo, pale sokoni Mahakama ya Ndizi zinashushwa kwa malori. Bibo huja kwa msimu, kidogo, tena halikai. Ndiyo maana jirani yangu, mama anayeuza juisi, aliponiomba nimfungie taa kibandani, alitaka ziwe na rangi ya bibo.

"Mwanangu, mtu akipita usiku ajue hapa ni Mabibo."

Nikamjibu kwamba ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na wiki hizo ndizo zilizonifanya niipende kazi hii.

Mkanda wenyewe wa taa niliununua Kariakoo: mita 5, taa 300, umeme wa volti 5. Kila taa ni kama punje ya hindi, na ndani yake mna vitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, pamoja na kidude kinachosoma amri. Bluu ndiyo iliyowasumbua wataalamu miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuipata. Bodi inayotoa amri ni Arduino Uno. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa mainjinia. Kumbukumbu ya Uno yangu ni baiti 2,048 tu, na taa zangu 300 zinakula 900.

Amri husafiri kama sahani za pilau kwenye shughuli, watu wakiwa wameketi mkekani. Wa kwanza anachukua sahani inayomfikia, zinazofuata anampa wa pili. Wa pili naye anachukua moja, anapitisha. Kila taa inashika biti 24 za mwanzo na kuzisukuma nyingine mbele, bila kujua ni ya ngapi. Taa 300 zinapata chakula chao ndani ya milisekunde 9. Akikosekana mmoja katikati, wote walio mbele yake wanalala njaa, nawe unatafuta pasi ya lehemu. Nimeyaona haya mara nyingi, na bado kila mkanda unapowaka hadi taa ya mwisho moyo wangu unatulia.

Sasa rangi. Mara ya kwanza niliomba nyekundu, ikawaka kijani kibichi: mkanda huu unasoma kijani kwanza, ndipo nyekundu. Hilo ni dogo. Kazi ilikuwa kwenye rangi ya chungwa, ile ya bibo linapoiva. Kwenye kioo cha kompyuta, nyekundu 255 na kijani 165 vinakupa chungwa zuri. Kwenye mkanda, namba hizohizo zinatoa manjano ya ndimu. Mama alichungulia, akasema, "Hilo ni limao, baba."

Sababu iko kwenye jicho. Washa kibatari kimoja kwenye chumba chenye giza, kila mtu atageuka. Ongeza kimoja penye vibatari mia, hakuna atakayejua. Taa zinapanda kwa hatua sawasawa, jicho halipandi hivyo. Ikabidi nizipinde namba mwenyewe, kama kioo cha kompyuta kinavyofanya, ile 165 nikaishusha mpaka karibu na 98, kisha chini zaidi, moja moja, usiku baada ya usiku. Hakuna kitabu kitakachokuambia usimame wapi. Mwishowe nilitafuta bibo lenyewe, lililoletwa kutoka Mkuranga, nikaliweka kando ya mkanda. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kulitazama. Jekundu lake halianzi ghafla. Linashuka kutoka kwenye kikonyo kama jasho, na karibu na korosho manjano yanabaki yamepauka kidogo.

Shida ya mwisho ilikuwa umeme. Taa zote zikiwa nyeupe kabisa, mkanda unaweza kudai ampea 18, na shaba yake ni nyembamba. Mbali na adapta, nyeupe inakuwa ya chai ya maziwa, kisha nyekundu, kwa sababu bluu na kijani zinahitaji volti nyingi zaidi. Nikalisha umeme pande zote mbili, nikapunguza mwanga. Kwa bibo, mwanga mdogo ndio unaofaa.

Jioni tulipowasha, mkanda ulianza kijani, ukaiva polepole kwa dakika nne. Mama aliacha blenda, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama barabarani mpaka pale jekundu liliposhuka. Kisha akaenda kwenye ndoo ya matunda, akachagua embe dodo moja, akanipa mkononi.

"Hili nalo, kalitazame."