Glavu za Rafiki Aliyeishia Njiani

Waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja, na tusifichane: mhusika wetu lazima ashinde. Akienda mjini anapata kazi, akipenda anapendwa, akipanda mlima anafika kileleni, jua linachomoza na hadithi inakwisha. Mimi mwenyewe ni mgonjwa. Nilikuja kuligundua hilo kwa sababu ya vitu viwili: kitabu cha Mwitaliano mmoja na glavu za rafiki yangu. Nianze na kitabu.

Kinaitwa No Picnic on Mount Kenya, na mwandishi wake ni Felice Benuzzi. Kilitoka kwanza kwa Kiitaliano mwaka 1947, kisha kwa Kiingereza mwaka 1952. Nilikisoma kamusi ikiwa pajani, na sijutii. Kisa chake ni cha kweli. Benuzzi alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Ethiopia. Waitaliano waliposhindwa huko mwaka 1941 alikamatwa, na hatimaye akawekwa katika kambi ya wafungwa wa vita karibu na Nanyuki, Kenya. Ng'ambo ya seng'enge ulisimama Mlima Kenya. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakatoroka. Nia yao haikuwa kukimbilia nchi ya mbali. Walitaka wapande mlima, washuke, halafu warudi wenyewe kambini wakapokee adhabu. Vichaa? Labda. Lakini mtu aliyewahi kukaa kijiweni mwaka mzima bila kazi, siku zote zikifanana, atawaelewa bila mwalimu.

Hapo sasa ndipo fani ya mwandishi iliponikamata. Mlima hauanzi upesi. Kurasa nyingi ni za matayarisho tu: nyundo zinageuzwa kuwa sururu za barafu, vipande vya chuma vinatengenezwa ili vifungwe chini ya viatu visiteleze, kamba za mkonge za vitandani zinafunguliwa na kusukwa upya. Chakula kinawekwa akiba kidogokidogo. Ramani hawana, wanategemea picha ya mlima iliyochorwa kwenye karatasi ya kopo la nyama! Wengi wetu tungeruka mambo hayo yote tukimbilie theluji. Benuzzi haruki, ndiyo maana wanapofika kwenye barafu msomaji anaiogopa kamba ile, maana anajua ilitoka kitandani.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo mimi naihesabu kuwa moyo wa kitabu. Shabaha yao ilikuwa Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima ule, mita 5,199. Wakaufuata ukingo wa kaskazini-magharibi, njaa tumboni, theluji usoni. Wakashindwa, wakageuka. Siku chache baadaye Benuzzi na Balletto wakapanda Lenana, kilele cha mita 4,985, wakasimika bendera yao na kuacha chupa yenye majina yao. Mwandishi hasemi kwamba Lenana ndiyo Batian. Anakubali kwamba walikwenda kutafuta hiki wakapata kile. Heshima yote ya kitabu imo humo.

Na Barsotti je? Huyo hakuwa mpandaji, tena alikuwa mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kubaki kambini chini ya vilele wakati wenzake wanapanda. Mwandishi mvivu angemsahau humo kwenye hema. Benuzzi anamrudia kila mara. Hata jina la mgonjwa likaingia kwenye chupa ya kileleni.

Sasa uhakiki si kusifia tu. Nina lawama, na nzito. Mlima ule Wakikuyu wanauita Kirinyaga, makao ya Ngai, tangu zamani sana kabla hajafika Mzungu yeyote. Humu kitabuni wenyeji wanapita kwa mbali kama vivuli. Najua, mtoroshwaji hujificha, hawezi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Lakini mtu wa Ethiopia akisoma jinsi mkoloni wa jana anavyoulilia uhuru wake wa leo, atacheka kicheko kichungu. Benuzzi anaiona seng'enge iliyomzunguka yeye. Ile ambayo serikali yake iliwazungushia wengine haioni vizuri. Dawa si kukitupa kitabu. Dawa ni sisi kuandika. Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, na Kisoi Munyao akapandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya Desemba 1963. Hao nao walikuwa na viatu, njaa, na wenzao. Riwaya zao zinasubiri kalamu.

Basi nije kwenye glavu. Tulipomaliza Fomu Foo, washkaji wanne, tuliapa kwamba kabla hatujatawanyika kutafuta maisha tutapanda Mlima Meru wote. Tulichanga karibu miaka miwili. Waliokwenda wanaujua ukingo ule. Unatoka kibanda cha Saddle usiku wa manane na askari mwenye bunduki, unapita Rhino Point, kisha unatembea juu ya ukingo wa kreta saa nyingi, kushoto giza, kulia giza, mawe na majivu yanakuteleza miguuni, mpaka Kilele cha Ujamaa, zaidi ya mita 4,500. Si mchezo, bwana.

Tulifika watatu. Wa nne kichwa kilimgonga, akatapika mara mbili pale Rhino Point, akarudi chini na mpagazi. Kabla hajageuka alivua glavu zake, akanivisha. Mimi sikuwa nazo, nilikuwa nimevaa soksi mikononi.

Niliporudi Arusha nikaandika hadithi. Jua lilichomoza nyuma ya Kilimanjaro, marafiki watatu wakakumbatiana. Ndiyo, watatu. Niliona wa nne ataharibu mwisho. Nikaisoma kijiweni kwa sauti, watu wakapiga makofi. Yeye naye alikuwepo, akapiga makofi. Kisha akauliza taratibu: "Sasa kaka, hizo glavu ulizovaa humo ndani ulizinunua wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilikosa jibu, na jibu sikulipata mpaka nilipomkuta Barsotti hemani mwake. Benuzzi alishindwa Batian akaandika hivyo hivyo, akabaki na kitabu ambacho watu bado wanakisoma. Mimi nilifika kileleni nikaandika uongo.

Nasema hivi kwetu sote tunaopeleka miswada huku na huku: kabla hujaandika kilele, mtafute aliyeishia njiani, uulize alikuachia nini mkononi. Hadithi yangu nimeichana. Ninaandika nyingine, na safari hii inaanzia Rhino Point, watu wakiwa wanne. Glavu bado ninazo. Nilitaka kumrudishia, akasema nikae nazo mpaka niimalize.